"Kikombe Kimevunjika": Hiari, Majaaliwa na Mzigo wa Lawama katika Kiswahili

Utangulizi

Mtoto anapoangusha kikombe jikoni, jibu lake la kwanza kwa mama aghalabu huwa ni "Kikombe kimevunjika." Hasemi "Nimevunja kikombe," wala hasemi "Kikombe kimevunjwa." Miongoni mwa kauli tatu ambazo mofolojia ya kitenzi inampa, amechagua ile isiyokuwa na nafasi ya mtenda. Mama naye, ambaye pengine hajawahi kusikia neno mnyambuliko maishani mwake, huitambua hila hiyo papo hapo na kuuliza: "Kimevunjika chenyewe?" Katika majibizano hayo ya maneno manne umo mjadala ambao wanafalsafa wameuendesha kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Je, mwanadamu ndiye chanzo halisi cha matendo yake? Na ikiwa siye, analaumiwa kwa haki gani?

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyolibeba suala hilo la hiari na uwajibikaji wa kimaadili katika sarufi, katika msamiati wa majaaliwa na katika fasihi, sambamba na hoja kuu za wanafalsafa. Haikusudiwi kuonyesha kwamba lugha hii ina falsafa yake iliyofichika ambayo msemaji huifuata bila ya kujua. Dai la aina hiyo limewahi kutolewa kuhusu lugha nyingi za Kiafrika, na mara nyingi limetolewa kwa ushahidi mchache mno. Kinachodaiwa hapa ni kidogo zaidi: kwamba Kiswahili kina vyombo vya kupimia lawama ambavyo mjadala wa falsafa unavihitaji, na kwamba baadhi ya vyombo hivyo vimeanza kuachwa vipate kutu.

Kutoka -ik- hadi -ji-

Kauli ya kutendwa humficha mtenda bila ya kumwondoa. "Kikombe kimevunjwa" ni sentensi inayoacha mlango wazi, msikilizaji anaweza kuuliza "Na nani?" na mlango huo ukamwingiza Juma. Kauli ya kutendeka imeufunga mlango wenyewe. Msemaji wa kawaida wa Kiswahili hakubali "*Kikombe kimevunjika na Juma." Hali iliyofikiwa ndiyo inayotajwa, njia ya kuifikia haimo. Ndiyo sababu kauli hii inapendwa sana na watu wenye jambo la kujibu. Fedha za chama zimepotea. Stakabadhi hazionekani. Mkutano umevunjika. Kitenzi hakijasema uongo. Kimenyamaza tu mahali ambapo ukweli ungeuma.

Njia ya pili ni ya hila zaidi, kwa kuwa mtu anatajwa, lakini amebadilishiwa kazi. Anayesema "Nilipandwa na hasira" amejifanya mlima uliokwewa. Anayesema "Usingizi ulinichukua" amekuwa mzigo. Anayesahau ahadi husema "Nilipitiwa," na aliyefanya kosa kubwa zaidi husema "Shetani alinipitia," naye akawa njia tu, barabara ambayo mwingine aliitumia kwa safari zake. Kisarufi, nafsi ya kwanza ingalipo. Kimaadili, imekwisha kuhama.

Pengine atatokea mtu wa kuhitimisha kutokana na mifano hii kwamba Waswahili ni watu wa kujikabidhi, wasiojiona kuwa watendaji. Hitimisho hilo linaporomoka mara tu mtu anapofungua ukurasa wa pili wa sarufi hiyohiyo. Kirejeshi -ji- kimekaa upande wa pili wa mizani, nacho hakina huruma. "Amejitakia" ni hukumu iliyokamilika kwa neno moja: mtenda na mtendwa ni mtu yuleyule, na huruma ya jirani imekatwa. Methali nayo inaongeza kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lugha, basi, haikumchagulia msemaji upande. Imempa kipimo kirefu, kuanzia -ik- pasipo na mtu hadi -ji- pasipo na kisingizio, na msemaji huchagua pa kusimama. Uchaguzi huo wenyewe ni tendo, na mama jikoni anaujibu kama tendo.

Majaaliwa, kudura na kuchuma

Msamiati unaotumiwa kuzungumzia hiari kwa Kiswahili umetokana kwa sehemu kubwa na Kiarabu, nao ulifika na mijadala yake. "Hiari" ni neno la kuchagua. "Kadari" na "kudura" ni ndugu wa mzizi mmoja, wenye maana ya kipimo na uwezo. "Majaaliwa" ni yale ambayo mtu amejaaliwa, na umbo lake la kutendwa halikuja kwa bahati: anayejaalia hakutajwa, lakini kila msikilizaji anamjua. Neno lenye safari ya ajabu kuliko yote ni "ajali." Katika Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa, hasa saa ya mtu kufa. Kiswahili kililichukua kwa maana hiyo, na washairi wa zamani walilitumia hivyo. Kisha barabara na magari yalipokuja, neno lile lile likapewa kazi ya kutaja kugongana kwa matatu na lori. Ajali haina kinga, husema methali, na mtu hana hakika tena iwapo inazungumzia saa iliyoandikwa au breki zilizochakaa.

Suala la kadari liliwagawanya wanatheolojia wa Kiislamu tangu karne za mwanzo. Wamuutazila, ambao chimbuko lao linahusishwa na Wasil ibn Ata wa Basra, aliyefariki mwaka 748, walishikilia kwamba Mungu ni mwadilifu na hawezi kumwadhibu mja kwa tendo ambalo mja hakulifanya kwa uwezo wake mwenyewe. Upande wa pili walikuwapo waliosema kwamba mwanadamu hana uwezo wowote, na kwamba kusema mtu ametembea ni sawa na kusema jua limechwa. Abu al-Hasan al-Ashari, aliyekuwa Mmuutazila kabla ya kuwaasi walimu wake, alitafuta njia ya katikati: Mungu ndiye anayeliumba tendo, lakini mja ndiye anayelichuma. Wapinzani wake hawakuiona njia hiyo. Katika Kiarabu, "fumbo kuliko kasb ya al-Ashari" likawa neno la kutajia kitu kisichoshikika.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anayo sababu ya kutoicheka kasb upesi. Tafsiri za Kurani kwa Kiswahili zimelitumia neno "kuchuma" kuitajia dhana hiyo, na ni neno ambalo tayari lilikuwa na shamba lake. Mtu huchuma matunda asiyoyaumba. Hakuufanya mwembe uzae, hakuteremsha mvua, na hata mkono wake hakujitengenezea. Pamoja na hayo, akiingia katika shamba la jirani na kuchuma, hakuna atakayemwuliza nani aliyeliumba embe. Kwa Kiswahili mtu huchuma mali, huchuma thawabu na huchuma dhambi. Sitiari hii haitoi jawabu la fumbo la al-Ashari, lakini inaonyesha kwamba kuumba kitu na kukifanya kiwe changu si jambo moja, na kwamba lawama hufuata la pili.

Inafaa pia kuangalia wakati ambapo methali za kudura hutamkwa. "Jitihada haiondoi kudura" haiambiwi mkulima asubuhi ya kupanda wala mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani. Huambiwa yule aliyekwisha kujitahidi na kushindwa. Ni methali ya matanga, si ya shambani. Aliyelala nayo mdomoni wakati wa kulima huitwa mvivu, na wanaomwita hivyo ni walewale watakaomfariji kwa methali hiyo siku mazao yake yatakapoliwa na nzige.

Mabaharia wa Aristotle na mlango uliofungwa

Katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anatoa mfano ambao mkazi wa Lamu au Pate hahitaji kuelezwa. Dhoruba imekikumba chombo, na mabaharia wanaitosa shehena baharini. Je, wametenda kwa hiari? Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetupa mali kwa kupenda tu. Lakini mikono iliyoinua magunia ni yao, na kwa saa ile, katika hali ile, waliamua. Aristotle analiita tendo hilo mchanganyiko, lenye mwelekeo zaidi wa hiari. Upande wa pili anamweka mtu aliyebebwa na upepo au na watu waliomshika: huyo hakutenda chochote. Halafu anamtaja mlevi, ambaye adhabu yake katika sheria fulani za Kigiriki ilikuwa maradufu, kwa sababu kutojua kwake alikitafuta mwenyewe katika kikombe. Hata wakati huo, swali halikuwa tu "Je, alijua?" bali pia "Alifikaje mahali pa kutojua?"

Mjadala wa kisasa umelipeleka swali nyuma zaidi. Ikiwa kila tukio limesababishwa na lililotangulia, na hilo na jingine, mnyororo huo hauishii kwa mlevi. Unapita kwake na kurudi hadi kabla hajazaliwa. Peter van Inwagen aliipa hoja hii umbo kali katika kitabu chake cha mwaka 1983: ikiwa matendo yetu ni matokeo ya kanuni za maumbile na ya mambo yaliyotokea zamani, na ikiwa hayo yote mawili hayamo mikononi mwetu, basi matendo yetu nayo hayamo mikononi mwetu. Wapatanishi, akiwamo David Hume katika karne ya 18, hujibu kwamba uhuru si kukosa sababu. Mtu huru ni yule ambaye tendo lake linatokana na matakwa yake, si na minyororo. Tendo lisilo na sababu yoyote lisingekuwa la mtu huyo. Lingekuwa kama kifafa.

John Locke alikwisha kulitikisa swali hili mwaka 1690 kwa kisa kifupi. Mtu amebebwa usingizini na kuingizwa chumbani alimo rafiki ambaye alikuwa na hamu kubwa ya kuzungumza naye. Mlango umefungwa kwa nje. Anaamka, anafurahi, anakaa. Hakuweza kutoka, lakini anakaa kwa radhi yake. Mwaka 1969 Harry Frankfurt alikiendeleza kisa cha aina hii hadi kikawa hoja: mtu anaweza kuwajibika kwa tendo hata kama hakuwa na njia nyingine, mradi alilifanya kwa sababu zake mwenyewe na si kwa sababu njia nyingine zilikuwa zimefungwa. Ubishi kuhusu mifano yake haujakwisha. Kwa msomaji wa Kiswahili, jambo la kuvutia ni kwamba lugha yake ina maneno mawili hapo, "hiari" na "radhi." Mgeni wa Locke hana hiari ya kutoka, lakini yuko radhi kukaa. Wanaoyatumia maneno haya kama visawe wanapoteza tofauti ambayo Frankfurt alihitaji makala nzima kuitetea.

Majaribio ya Benjamin Libet ya mwaka 1983, yaliyoonyesha kwamba ubongo huanza kujiandaa kabla mtu hajatambua kuwa ameamua kuukunja mkono, yamenukuliwa mno kama kwamba yalimaliza kazi. Hayakuimaliza. Kukunja kifundo cha mkono pasipo sababu si sawa na kuamua kumwacha mke au kuiba kura. Tangu mwaka 2012 watafiti wengine wameufasiri upya mchemko huo wa ubongo kuwa ni mabadiliko ya kawaida yasiyo na uamuzi ndani yake.

Kortini

Mahakama haiwezi kusubiri wanafalsafa wapatane. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inasema katika kifungu cha 9 kwamba mtu hana hatia ya jinai kwa tendo lililotokea pasipo utashi wake, wala kwa tukio lililotokea kwa ajali. Kifungu cha 13 kinakataa, isipokuwa katika hali chache, kuufanya ulevi kuwa utetezi, na hapo kivuli cha Aristotle kinaonekana. Kwa watoto, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliupandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12.

Hata hivyo, uamuzi uliogusa kiini cha mjadala ni ule wa kesi ya Muruatetu, uliotolewa na Mahakama ya Juu mnamo Desemba 2017. Mahakama iliamua kwamba kuilazimisha korti kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji ni kinyume cha Katiba. Hukumu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kilichofutwa ni ulazima wake. Sababu mojawapo ni kwamba mshtakiwa alinyimwa nafasi ya kusikilizwa kuhusu yale yanayoweza kupunguza adhabu: umri wake, tabia yake, majuto yake, namna kosa lilivyotendeka. Kwa maneno mengine, sheria ilikubali kwamba baada ya kulijibu swali la "Nani?" linabaki swali la "Alikuwa mtu wa namna gani, na alifikaje hapo?" Hatia ni ndiyo au siyo. Lawama ina vipimo.

Rosa na mtoto wa dikteta

Swali la "alifikaje hapo" ndilo lililoifanya riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iendelee kuwa hai tangu ilipochapishwa mwaka 1971. Zakaria ni baba mlevi na mkali. Barua ya Charles kwa Rosa inamletea binti kipigo ambacho msomaji hakisahau, na tangu hapo Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume bila ya kujifunza kuwajua. Anapoondoka kijijini Ukerewe na kuupata uhuru wa shule na wa chuo, hana kipimo cha kuutumia. Mwisho wake ni kujiua.

Katika mijadala ya darasani, wanafunzi huigawa lawama kwa haraka. Wapo wanaosimama na methali: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwa hiyo mwenye kosa ni Zakaria. Wapo wanaosema Rosa alikuwa mtu mzima, mwenye elimu, aliyeonywa, na kwamba wadogo zake walilelewa na mkono uleule. Pande zote mbili huifanya riwaya iwe nyepesi kuliko ilivyo. Upande wa kwanza humgeuza Rosa kuwa kikombe: amevunjika. Upande wa pili humwambia amejitakia. Kezilahabi amemweka mahali fulani kati ya -ik- na -ji-, na uchungu wa riwaya umo katika ugumu wa kupataja mahali hapo.

Susan Wolf, katika makala ya mwaka 1987, alibuni kisa kinachosaidia. JoJo ni mtoto wa dikteta mkatili. Amelelewa ubavuni mwa babake, amempenda, na amekua akitaka kwa moyo wote kuwa kama yeye. Hakuna anayemlazimisha, anafanya anachotaka, na anataka kukitaka. Kwa vigezo vya wapatanishi wengi JoJo ni huru. Wolf anasema kimepungua kitu: uwezo wa kuliona jema kuwa jema. Aliyenyimwa macho hayo hawezi kubeba lawama yote ya kujikwaa.

Je, Rosa ni JoJo? Sivyo kabisa. Rosa analijua jema. Anaona haya, anajuta, anatamani maisha mengine. Macho anayo. Alichonyimwa ni mazoezi ya kuchagua. Babake hakumfundisha uovu. Alimfungia mlango, akadhani mlango uliofungwa ni adili. Tofauti na mgeni wa Locke, Rosa hakuwahi kuwa radhi na chumba hicho, na siku kilipofunguka alitoka mbio. Hapa riwaya inawazidi wanafalsafa hatua moja, kwa kuwa mifano yao humchukua mtu kama alivyo siku ya tendo, ilhali Kezilahabi anaonyesha hiari kama misuli inayodumaa ikifungwa. Kwa msimamo huo, lawama ya Zakaria haimpunguzii Rosa yake kana kwamba ni mkate wa kugawana. Kila mmoja anaweza kubeba iliyo yake kamili. Ni kosa la hesabu, si la huruma, kufikiri kwamba kumwelewa binti ni kumwondolea kila kitu.

Hatia na dhima

Mwaka 1976 Bernard Williams alimleta ukumbini dereva wa lori ambaye, bila ya uzembe wowote, anamgonga mtoto na kumwua. Watu watamfariji, na watakuwa na haki: hakukosa. Lakini Williams aliona kwamba endapo dereva huyo angefarijika upesi mno, akasema "Ni ajali tu" na kuwasha injini, wangemtazama kwa mashaka. Kuna kitu anachodaiwa ambacho hadaiwi mpita njia aliyesimama kando ya barabara akitazama, ingawa wote wawili hawana kosa.

Kiswahili kina neno la kitu hicho. Ni "dhima." Siku hizi neno hili limehamia madarasa ya fasihi, ambako mwanafunzi hulijua kama kazi tu: dhima ya methali, dhima ya msimulizi. Maana yake ya zamani ni mzigo au amana iliyo shingoni mwa mtu, deni ambalo halimtoki mpaka alilipe. "Uwajibikaji," ambao umetawala hotuba za viongozi, umetokana na wajibu, yaani linalompasa mtu kufanya. Hautaji yale yanayomwangukia mtu pasipo kupaswa. Fiqhi ya Kiislamu inaitenganisha dhima na dhambi kwa uwazi. Katika Sura ya Nne ya Kurani, aya ya 92, aliyemwua muumini kwa bahati mbaya hahesabiwi muuaji wa kusudi, lakini dia hulipwa kwa jamaa za marehemu ila wakisamehe, na muuaji hupaswa kutoa kafara: kumwacha huru mtumwa, au asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Jamii nyingi za Kenya nazo zilitoza fidia ya damu hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kuua. Mkono umetenda, moyo haukukusudia, deni lipo. Hata mama wa kikombe, akisadiki kwamba sahani ya maji iliteleza na mtoto hakufanya utundu, bado atamwambia aokote vigae.

Tofauti hii ndiyo inayoufungua mkasa wa Sophocles, ambao wasomaji wa Kiswahili wanao katika tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode. Kabla hajazaliwa, ilitabiriwa kwamba Edipode atamwua babake na kumwoa mamake. Alikimbia ili yasitimie, na kukimbia kwake ndiko kulikoyatimiza. Kwa mizani ya kifungu cha 9, au ya Aristotle kuhusu kutojua, hana hatia ya kumwua baba, kwani hakujua ni baba. Ingawa, na jambo hili husahauliwa, alijua kwamba anaua mtu. Ukweli unapofichuka, haiiti ajali. Anajitoboa macho, na anapoulizwa na wazee, anasema kwamba mateso haya yameletwa na Apolo, lakini mkono uliopiga ni wake mwenyewe. Anataja kudura na anataja mkono, na hakitumii kimoja kukifutia kingine.

Miaka mingi baadaye Sophocles alimrudia mtu huyohuyo katika tamthilia ya Kolono, iliyoigizwa baada ya kifo cha mtunzi. Edipode sasa ni mzee kipofu anayeongozwa na bintiye. Wenyeji wanapolisikia jina lake wanataka kumfukuza, naye anajitetea kwa hoja ambazo wakili wa leo asingeziona haya: hakujua, alishambuliwa kwanza, na matendo yake aliyapata kama mateso zaidi ya kuyafanya. Hatia anaikataa kwa sauti. Macho, hata hivyo, hajutii tu kuyatoboa kwa hasira kuliko kosa lilivyostahili. Hakuna mahali anapodai kwamba hakudaiwa chochote.